Kabla Hujachomeka Gari Kwenye Soketi ya Mwenzio

Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU ina katiba yake, ingawa haijaandikwa popote. Mwenye friji anaongeza hela. Mwenye jiko la umeme anaangaliwa kwa jicho la pembeni mpaka na yeye aongeze. Pasi inavumiliwa asubuhi, lakini mtu akianza kupigia watu pasi kwa malipo, kikao kinaitishwa uani. Katiba hiyo imetungwa kwa miaka mingi ya kununiana, na kwa kiasi kikubwa inafanya kazi, maana kila mmoja anajua kifaa kipi kinakula kiasi gani, au walau anadhani anajua. Sasa ndani ya ua huohuo inaingia pikipiki ya umeme, au bajaji ya umeme, na kwa wachache gari dogo la umeme lililotumika Japani. Jioni mwenye chombo anapitisha waya dirishani, anachomeka, analala. Alfajiri nyumba nzima iko gizani.

Wenye vyombo hivi huuliza kama kufanya hivyo ni wizi. Wenye mita huuliza jingine: kwa nini hakuniambia? Naona swali la pili ndilo lenye uzito. Umeme ni bidhaa, na kuchukua bidhaa ya mtu bila idhini yake kuna jina linalojulikana kila kijiji. Lakini hata pale ambapo kiasi ni kidogo na hakuna hakimu angepoteza muda wake nacho, bado umemfanyia mwenzako uamuzi uliokuwa wake. Umeamua uniti zake zitumike kwa nini, nyaya zake zibebe mzigo gani, na yeye abaki gizani mpaka saa ngapi. Ushauri wote unaofuata unatoka hapo.

Tuangalie hesabu kwanza, maana ugomvi mwingi wa umeme ni wa watu wanaobishana bila namba. Uniti moja inajaza simu za kawaida kama hamsini. Ndiyo maana mgeni akisema naomba nichaji simu, hakuna anayefungua daftari. Betri ya pikipiki ya umeme inakula uniti mbili, tatu, nne hivi. Gari ni habari nyingine. Nissan Leaf ya toleo la kwanza, ambayo imo miongoni mwa magari ya umeme yaliyotumika yanayopatikana kwa bei nafuu, ilitoka kiwandani na betri ya uniti 24. Chaja yake ya kubebeka, ile inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani, kwa kawaida huvuta ampea kama 10. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni wati 2,300, yaani uniti mbili na zaidi kila saa, tena bila kupumzika kama pasi inavyopumzika ikishapata moto. Ukichomeka saa nne usiku ukachomoa saa kumi na mbili asubuhi, umekula uniti 18.

Mchukue sasa bibi anayeishi na taa tatu, redio na friji ndogo. Yuko kwenye kundi la D1 la TANESCO, lile la wateja wadogo ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hizo ni uniti mbili na nusu kwa siku. Usiku mmoja wa gari lako ni wiki nzima ya matumizi yake.

Na uniti zenyewe ndiyo hasara ndogo. Kwa bei ambazo zimetumika kwa miaka kadhaa, mteja wa D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi 75 ndani ya mwezi anazilipia shilingi 350. Mteja wa kawaida, yule wa T1, analipa 292. Weka juu yake VAT asilimia 18, tozo ya REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1: bibi anatoa kama shilingi 122 kwa uniti, na jirani yake wa T1 anatoa 356. Gari likilala kwake usiku minne, limemaliza peke yake karibu kiwango chote cha mwezi. Matumizi yakizidi na kuendelea kuzidi, bibi anahamishwa kundi, na uniti zilezile 75 zilizokuwa zikimgharimu kama 9,000 zinakuwa karibu 27,000. Mjukuu aliyechaji “kidogo tu” amesharudi mjini. Anayebaki na bei mpya ni bibi, na wala hajui imetoka wapi.

Kenya mpaka uko chini zaidi. Tangu 2023 bei ya chini kabisa ya majumbani ni ya wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, kwa hiyo usiku miwili ya Leaf inatosha kumtoa mtu humo. Mwaka huohuo Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 saa za usiku ambapo mahitaji ni madogo, kabla ya tozo. Ni hatua nzuri, ila bei hiyo ni ya mita iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Haikufuati ukienda kuchomeka kwa shangazi Machakos.

Liko pia jambo ambalo mijadala ya Ulaya na Marekani kuhusu adabu ya kuchaji huliruka, kwa sababu kwao bili huja baadaye na senti tano za mgeni hupotea humo bila kuonekana. Kwetu umeme unalipiwa kabla: LUKU Tanzania Bara, TUKUZA Zanzibar, tokeni Kenya, Yaka Uganda. Uniti zikiisha, giza ni la usiku huohuo. Ndani ya giza hilo kuna friza ya mama anayeuza samaki na barafu, kuna insulini ya mtu kwenye mlango wa friji, kuna mtoto wa kidato cha nne mwenye mtihani asubuhi. Aliyechomeka gari hakumwibia mtu samaki wala dawa, lakini vyote viwili vimeharibika kwa mkono wake. Kwa hiyo yule anayekuambia “si umeme tu, nitamlipa kesho” hajafikiria usiku ulivyo mrefu.

Huko ng’ambo nako wamegombana, tena kwa viwango vya kuchekesha. Novemba 2013, katika mji wa Chamblee jimboni Georgia, Marekani, baba mmoja alikwenda na mwanawe kwenye tenisi katika shule, akachomeka Leaf yake kwenye soketi ya ukuta wa nje. Alichomeka kwa dakika kama 20 polisi akawa amefika. Umeme aliopata ulikadiriwa kuwa wa senti tano za dola. Siku kadhaa baadaye alikamatwa nyumbani kwake kwa wizi, akakaa mahabusu saa zipatazo 15. London nako, mwaka 2015, mtu alikamatwa kwa kuchaji simu kwenye treni, kwenye soketi iliyoandikwa kuwa ni ya wafanya usafi. Sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 ina kifungu cha pekee kuhusu kutumia umeme bila haki, na adhabu yake inaweza kufika miaka mitano jela. Mtu huyo hata hivyo hakufikishwa mahakamani kwa ajili ya umeme ule.

Wajerumani wana historia ndefu zaidi ya jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 mahakama yao kuu iliona kwamba umeme si kitu cha kushikika, hivyo hauwezi kuibwa kwa maana ya sheria ya wizi ya wakati ule. Ikabidi mwaka 1900 itungwe sheria ya pekee. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 2009, mfanyakazi wa Oberhausen aliachishwa kazi kwa kuchaji simu kazini, umeme usiofika hata senti moja, na kelele zilipozidi mwajiri akaifuta barua. Mwaka uliofuata mahakama ya kazi ya rufaa ya mji wa Hamm ilitengua kufukuzwa kwa mfanyakazi mwenye miaka 19 kazini aliyechaji chombo chake cha umeme kwa saa moja na nusu hivi. Umeme ule ulikuwa wa senti 1.8.

Nasema mambo mawili kuhusu visa hivi, na sioni kama yanagongana. Yule baba wa Georgia alikosea. Soketi ya shule haikuwekwa kwa ajili yake, na kama kulikuwa na mtu wa kumuuliza angemuuliza. Waliomweka ndani walikosea zaidi, kwa sababu kosa la senti tano lina dawa yake, nayo ni kumwambia mtu achomoe. Mahakama ya Hamm iliona hivyohivyo: kosa lipo, lakini adhabu haiendani nalo.

Hapa kwetu jambo hili lina ukali wake. Mtaani, neno “mwizi” likishapigiwa kelele halirudi mdomoni. Limeshatoa roho za watu kwa kosa la kuku. Ukimkuta kijana wa bodaboda amechomeka kwenye soketi ya baraza lako, una haki ya kukasirika, una haki ya kuchomoa na kudai chako. Kumwitia watu kwa uniti mbili ni dhambi kubwa kuliko ya kwake.

Sasa tuje kwako wewe mwenye chombo. Kwanza jua unayepaswa kumwomba, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanaomba kweli, ila wanamwomba asiye na cha kutoa. Mlinzi wa maegesho akikupokea elfu mbili na kukuonyesha soketi iliyo nyuma ya jenereta, hujapata ruhusa. Umenunua umeme wa tajiri wake kwa mtu asiyeuza umeme, na siku ikijulikana, atakayefukuzwa ni yeye. Mhudumu wa baa naye yuko hivyo, kadhalika dada wa mapokezi gesti, na mtoto wa nyumba uliyemkuta uani wakati mama yake yuko sokoni. Hawa wote waulize swali moja tu: nani analipa umeme hapa, na ninampataje? Simu siku hizi kila mtu anayo.

Katika nyumba ya wapangaji, anayelipa si mmoja. Mwenye nyumba anaweza kukuambia “chomeka tu, baba” huku akiwa hachangii hata shilingi, kwa kuwa uniti zinanunuliwa na vyumba sita. Ruhusa yake inahusu ukuta na nyaya zake, na hiyo unaihitaji. Uniti ni za wapangaji, na ruhusa yao nayo unaihitaji. Ukipata moja ukaacha nyingine, umejenga uadui na milango mitano.

Msikitini na kanisani mambo ni mazito kidogo. Simu inachajiwa pembeni wakati wa darsa au ibada na hakuna anayesema neno, desturi imeshapitisha. Gari haliko kwenye desturi hiyo. Umeme wa msikiti umelipwa kwa sadaka, aghalabu kwa mali ya wakfu, na mali ya wakfu hutumika kwa lile aliloliwekea mwenye kuitoa. Imamu mwema atakuambia hana mamlaka ya kukupa kisicho chake, atakupeleka kwa kamati. Usimchukie. Ukiwa muumini wa hapo na safari imekukwamisha, zungumza na kamati, nunua uniti za msikiti kupita zile utakazotumia, na fanya hivyo mbele ya mtu.

Kazini watu hujidanganya kwa namna yao. “Kampuni ni kubwa, haitahisi.” Pengine haitahisi. Lakini mwenzako anayekuja kwa daladala anahisi, maana yeye nauli yake inatoka mfukoni na yako inatoka kwenye mita ya ofisi. Ukiwa ofisi ya umma, nauli yako inatoka mfukoni kwake mara ya pili. Peleka ombi la maandishi kwa anayehusika na majengo, pendekeza makato kwenye mshahara au siku maalumu za kuchaji, na subiri jibu. Wapo waajiri wanaokubali bila kulipisha, hasa wenye paneli za sola zinazozalisha mchana kuliko mahitaji yao. Hilo likiwa limeandikwa, chaji kwa raha zako na mtu asikunong’one.

Sasa namna ya kuomba. Huku kwetu mtu aliyeombwa usoni, mbele ya wageni, saa moja usiku, na mtu aliyekuja kumsalimia, hawezi kusema hapana. Haya inamzuia. Atasema “chomeka tu mwanangu, umeme ni wa Mungu”, kisha usiku mzima anasikiliza mita. Ruhusa ya namna hiyo umeikamua kwake. Ombi lenye heshima linamwachia mwenzako mlango wa kutokea. Kwa hiyo omba kabla hujafika, kwa simu, mkiwa wawili tu, na umpe sababu ya kukataa kabla hajaitafuta mwenyewe.

Tuseme unatoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kumwona mama mkubwa. Ni kama kilomita 70. Leaf iliyochoka betri inakufikisha, lakini kurudi ni mtihani. Huo mtihani ulikuwa unaujua tangu ulipogeuza ufunguo, basi usiufanye kuwa ajali ukishafika uani kwake. Piga simu siku moja kabla:

“Shikamoo mama mkubwa. Kesho nakuja, ila gari langu ni lile la umeme, itabidi lichajiwe ndipo nirudi. Linakula uniti nyingi, kama 12 hivi, na nyaya za nyumba nyingine haziliwezi. Kama kwako haifai niambie tu, kuna mahali pengine nitachaji au nitakuja na basi. Na kama inafaa, nitumie namba ya mita ninunue uniti sasa hivi, kabla sijafika.”

Ombi hilo limetaja kiasi, limetaja hatari, limetaja njia nyingine, na limetanguliza malipo. Mama mkubwa akisema “njoo tu”, amesema kwa hiari. Akisema nyaya zake ni za zamani, mmeachana vizuri na unapanda basi.

Namba ya mita ndiyo rafiki yako mkubwa katika haya yote, na nashangaa ni wachache wanaoitumia. Ukimpa mtu mzima noti mkononi kwa ajili ya umeme, unaweza kumkwaza. Anaona umegeuza nyumba yake kuwa gesti. Hela ya mkononi pia ina kawaida ya kuishia kwenye sukari na unga, na uniti zikaisha palepale. Lakini uniti ulizonunua kwa simu na kumtumia namba za kuingiza kwenye mita yake hazimdhalilishi mtu, na zinaingia mahali hasa utakapotoa. Nunua zaidi ya utakachotumia. Chaja nayo hupoteza umeme kidogo njiani, kwa hiyo kinachosomeka kwenye dashibodi ya gari ni kidogo kuliko kilichotoka kwenye mita. Ukihesabu uniti 12, nunua 20. Soma mita mbele ya mwenyeji kabla hujachomeka na baada ya kuchomoa, hata kama anakuambia acha mambo yako. Kwa mteja wa D1, kununua uniti pekee hakutoshi, kwa sababu ya lile suala la kuvuka 75. Kwake, kama una njia nyingine yoyote, usichomeke.

Kwa wapangaji wa mita moja sina suluhisho la maneno matupu. Makadirio ya kila mwisho wa mwezi huzaa ugomvi, kwa sababu mwenye bajaji atakumbuka usiku kumi na wenzake watakumbuka thelathini. Fundi umeme anaweza kufunga mita ndogo ya ndani kwenye waya unaokwenda kwenye soketi yako ya kuchajia. Inahesabu uniti zako peke yako, kila mtu anaweza kuisoma, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya chombo chenyewe. Kama nyumba haikubali, au mwenye nyumba hataki kuguswa nyaya, tafuta njia isiyogusa mita ya watu. Madereva wa pikipiki wana bahati hapa, kwani kampuni kadhaa za Afrika Mashariki, Ampersand iliyoanzia Rwanda ikiwa mojawapo, huendesha vituo ambapo unaacha betri iliyoisha na kuondoka na iliyojaa.

Nimetaja nyaya mara kadhaa na sitaki zipite hivihivi, kwa sababu ruhusa ya uniti haimaanishi nyumba inaubeba mzigo. Soketi iliyotengenezwa kwa birika la dakika tano haijatengenezwa kwa saa nane za ampea 10, hata kama imeandikwa 13. Soketi za bei rahisi, zile za plastiki inayonuka ikipata moto, huyeyuka kwenye vishikio. Ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa kama kamba inahifadhi joto katikati na inaweza kuwaka. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhini unaofanya kazi, na chaja nyingine hukataa kabisa kuchaji bila huo. Ikikataa, usimtafute fundi wa kuidanganya. Mwombe fundi mwenye leseni aangalie kwanza, tumia soketi iliyo karibu na swichi kubwa badala ya ile ya chumba cha mwisho, shika plagi kwa mkono baada ya nusu saa, na ukiiona ya moto, chomoa. Mwenye nyumba aliyekubali uniti 12 hakukubali kuunguliwa paa, na wala hakuijua hatari hiyo. Wewe ndiye unayeijua, kwa hiyo ni juu yako kumwambia.

Ipo dharura ya kweli. Umebeba mgonjwa, betri imeisha, nyumba iliyo karibu haina mtu, na soketi iko barazani. Chomeka. Hakuna mzee wa mtaa mwenye akili atakayekulaumu. Wanafiqhi hata hivyo wana kanuni ya kale isemayo kwamba dharura haiondoi haki ya mwingine: unaruhusiwa kutumia, huruhusiwi kutolipa. Basi mwite jirani ashuhudie, acha namba yako ya simu mlangoni, tumia kiasi cha kufika unakokwenda na si zaidi, na rudi mwenyewe kulipa na kuomba radhi. Kumbuka tu kwamba kusahau kuchaji si dharura. Uvivu wa kupanga safari hautibiwi kwa mita ya watu.

Nanyi wenye soketi mna wajibu, ingawa mdogo kuliko wa mwenye gari. Duka, gesti au shule yenye soketi ya nje ambayo haitaki itumike na wapita njia, na iifunge kwa kufuli au iizime kutoka ndani. Inayotaka itumike, na ibandike bei. Kinyozi wa kijijini aliweka bei ya kuchaji simu zamani, mia mbili, mia tatu, mia tano, na wala hakugombana na mtu. Bei iliyoandikwa inamwokoa mgeni asiyejua na inamwokoa mwenye mali asiyeweza kusema hapana. Ukimkuta mtu amechomeka, muulize kwanza kabla ya kuvuta waya; huenda aliongea na mwenzako wa zamu ya asubuhi. Na ukimruhusu mtu leo, mwambie palepale kama ni ya leo tu. Ruhusa isiyo na mwisho hugeuka haki kwenye kichwa cha aliyepewa, na siku ya kuiondoa unaonekana wewe ndiye mbaya.

Vituo vya kulipia havina utata mkubwa. Gari likijaa, liondoe, mwenzako anasubiri. Usichomoe la mtu linalochaji hata kama lako limebaki asilimia mbili, labda mwenyewe ameacha ujumbe kwamba likifika kiasi fulani lichomolewe. Na wenye magari ya petroli, msiegeshe pale kwa sababu kuna kivuli.

Ukikataliwa, shukuru na uondoke bila kununa. Aliyekukatalia amekueleza ukweli kuhusu hali ya nyumba yake, pengine bila kutaja kwamba uniti zilizobaki ni nne na mshahara uko mbali. Na kama uko kwenye nyumba ya kupanga na umeshaanza kuangalia bei za magari ya umeme mwezi huu, ongea na mwenye nyumba na wapangaji wenzako kabla hujaongea na muuza magari.